Asali kwa kikohozi cha usiku cha watoto: inasaidia kiasi gani, na mwisho wake ni wapi

Mama wa Watatu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Naleta mada hii kwa sababu kila msimu wa mafua swali linarudi lile lile. Mtoto mchana kutwa anacheza, anakula, hana shida. Akilazwa tu, kikohozi kinaanza, na nyumba nzima hailali. Ukiuliza, utajibiwa na makundi mawili: wanaosema asali inaponya kifua, na wanaosema asali ni mambo ya kizamani, kanunue dawa ya maji. Nimelisoma jambo hili kwa muda mrefu maana wanangu wote wamepita hapo, na msimamo wangu ni huu: asali inampa mtoto usingizi katika zile siku chache ambazo mafua yamepamba moto. Hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa unaondoka wenyewe kwa muda wake.

Kwanza, kwa nini usiku? Mtoto akiwa amesimama, kamasi inatoka puani au anaimeza bila kujua. Akilala chali inateremka nyuma ya pua hadi kooni na kulitekenya, na koo likitekenywa linakohoa. Hewa ya chumba ikiwa kavu na pua ikiwa imeziba, anapumua kwa mdomo, koo linakauka, hali inazidi.

Asali ni nzito na tamu. Uzito wake unalipaka koo na kutuliza ule mwasho. Utamu wake unaleta mate mengi, na mate hayo nayo yanalainisha. Wapo wataalamu wanaoeleza pia kwamba mishipa ya fahamu inayopeleka ladha tamu kwenye ubongo iko karibu na ile inayoamsha kikohozi, kwa hiyo utamu wenyewe unaweza kukipunguza.

Sasa ushahidi. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walichukua watoto 105 wa miaka 2 hadi 18 wenye kikohozi cha mafua. Wengine walipewa asali nyeusi ya maua ya bakwiti, wengine dekstromethofani, dawa ya kutuliza kikohozi, iliyotiwa ladha ya asali, wengine hawakupewa kitu. Ilikuwa mara moja tu, nusu saa kabla ya kulala. Asubuhi wazazi waliulizwa mtoto alikohoa kiasi gani na wao wenyewe walilalaje. Kundi la asali liliongoza. Ile dawa haikuonyesha tofauti ya maana na kutopewa kitu. Mwaka 2012 ukatoka utafiti mwingine wa Israeli, watoto 300 wa mwaka 1 hadi 5: asali ya mkaratusi, asali ya maua ya jamii ya michungwa, asali ya mimea ya jamii ya mnanaa, na sharubati ya tende inayofanana na asali kwa rangi na utamu. Asali zote tatu ziliishinda sharubati.

Shirika la Afya Duniani liliitaja asali tangu 2001 kama kitu salama cha kulainisha koo la mtoto, na mwongozo wa Uingereza wa 2019 kuhusu kikohozi cha ghafla umeiweka miongoni mwa vitu vya kujaribu kwanza, kwa mtoto aliyetimiza mwaka.

Kipimo nilichokizoea ni kile cha utafiti wa 2007: miaka 2 hadi 5, nusu kijiko cha chai, miaka 6 hadi 11, kijiko kimoja, miaka 12 na kuendelea, vijiko viwili. Nusu saa kabla ya kulala. Utafiti wa Israeli ulitumia gramu 10, yaani kama kijiko kimoja na nusu, hata kwa wadogo wa mwaka mmoja, kwa hiyo ile nusu kijiko si kikomo cha hatari. Mimi naanza na kidogo.

CHINI YA MWAKA MMOJA USIMPE ASALI. Hata ya kulamba. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, na nitaeleza akiuliza mtu.

Karibuni tuchangie.

---

Baba Mchanga

Asante kwa uzi, dada. Nauliza hapo hapo kwenye herufi kubwa. Wa kwangu ana miezi minane, anakohoa usiku wa tatu huu, hana homa na ananyonya vizuri. Bibi yake anasema apakwe asali kidogo tu kwenye ulimi. Hicho kidogo nacho kina shida?

---

Tabibu wa Zamu

Kaka, kina shida. Naomba usimpake.

Ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, zinaweza kuwemo mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Anaishi kwenye udongo na vumbi, na nyuki hawana namna ya kumkwepa. Mimi na wewe tukizimeza mbegu hizo zinapita tu, kwa sababu utumbo wetu umejaa bakteria wengine wasiozipa nafasi. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujafika huko. Mbegu zinachipua mle ndani, zinatoa sumu, na sumu hiyo inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli. Mtoto anaanza kulegea.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni kukosa choo, na wazazi huipuuza. Kisha kope zinashuka, kilio kinakuwa dhaifu, kunyonya kunakuwa shida, shingo inashindwa kubeba kichwa. Mwisho wake misuli ya kupumua inachoka. Wengi hupona wakiwahi hospitali, lakini ni wiki nyingi za kulazwa, na wengine huwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Ugonjwa huu kwa watoto wachanga ulitambuliwa 1976. Mwaka 2018 kule Texas watoto wanne waliugua baada ya kutumia chuchu bandia zilizojazwa asali. Chuchu tu, si kijiko.

Kwa miezi minane fanya hivi. Mpe maziwa mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Kabla ya kunyonya na kabla ya kulala weka matone ya maji ya chumvi ya pua, subiri kidogo, kisha nyonya kamasi kwa kile kipira chake. Pua ikifunguka, kikohozi cha usiku kinapungua sana kwa umri huo. Usimwekee mto, alale chali kwenye godoro lililonyooka. Na umhesabu pumzi akiwa ametulia au amelala, dakika nzima. Kwa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka mno, mpeleke.

---

Baba Mchanga

Nimemhesabu, 38. Namshukuru Mungu. Nitamweleza mama kwa upole.

---

Mzee wa Mizinga

Nawasalimu wote. Nimefuga nyuki tangu ujana na nimelea watoto kwa asali, wengine walilambishwa siku waliyozaliwa, na leo ni watu wazima na wana watoto wao. Ninaheshimu mliyosoma, ila msiwatishe vijana waone asali ni sumu. Na kama tatizo ni vijidudu, si inachemshwa?

---

Tabibu wa Zamu

Shikamoo mzee wetu. Hakuna aliyesema asali ni sumu, na hao watoto wako nafurahi wamekua.

Ni kweli watoto wengi waliolambishwa hawakuugua. Mbegu hazimo katika kila chupa, na zikiwemo si kila mtoto atapata ugonjwa. Shida ni kwamba huwezi kuitazama chupa ukajua. Hazina rangi, harufu wala ladha. Na yule mmoja anayefariki hapati nafasi ya kurudi kutusimulia. Zamani angesemwa tu kwamba alilegea akafariki, na hakuna ambaye angekumbuka asali.

Kuchemsha hakusaidii. Mbegu hizi zinastahimili maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121 chini ya mgandamizo, kama wanavyofanya viwandani kwenye vyakula vya makopo. Ukiichemsha asali nyumbani utaharibu vimeng'enya na harufu yake, na mbegu zitabaki salama.

Miezi kumi na miwili si mingi, mzee. Akiifikisha, mpe.

---

Mzee wa Mizinga

Marahaba daktari. Hilo la joto sikulijua. Nimekuelewa.

Basi nami nitoe langu, maana naona watu wanauliza asali ipi. Asali ikiganda si kwamba imetiwa sukari. Asali halisi nyingi huganda, nyingine mapema nyingine baadaye, kutegemea maua. Yenye glukozi nyingi huganda haraka. Iweke chupa ndani ya maji ya vuguvugu itarudi, usiiweke motoni. Na yale majaribio ya kudondosha kwenye maji au kuchovya kijiti cha kiberiti hayana maana, nimeona asali ya kweli ikishindwa na ya uongo ikifaulu. Kitu cha kutazama ni maji. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20. Ikizidi hapo inaumuka, inatoa povu na harufu ya pombe. Hiyo usimpe mtoto. Funika chupa vizuri kwa sababu asali inavuta unyevu wa hewani. Ushauri wangu mkubwa ni kumjua anayekuuzia.

---

Mdadisi

Mama wa Watatu, uzi mzuri ila nina swali. Kwenye ule utafiti wa 2007, mzazi ambaye mtoto wake hakupewa kitu alijua hakupewa. Asubuhi akiulizwa "amelalaje?" atasema vibaya. Na kikohozi cha mafua kinapungua chenyewe kila siku. Tunajuaje kwamba si utamu tu na matumaini ya mzazi?

---

Mama wa Watatu

Swali la haki kabisa, na ndiyo sababu nikautaja ule wa Israeli. Pale wazazi hawakujua nani kapewa asali na nani kapewa sharubati ya tende. Na cha kuvutia ni kwamba hata watoto wa sharubati walipata nafuu. Kwa hiyo uko sahihi kwa sehemu: siku inasonga, na utamu wenyewe unafanya kazi. Lakini walioonja asali walipata nafuu zaidi, ingawa hakuna aliyejua.

Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti wa Nairobi uliolinganisha asali, salbutamoli (dawa ya kufungua mirija ya hewa) na dawa bandia, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Asali ikawa juu tena. Halafu 2018 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kiongozi wao akiwa mtafiti kutoka Nijeria, wakakusanya tafiti sita zenye watoto 899. Walichosema ni cha kiasi: asali inaelekea kupunguza kikohozi kuliko kutotoa dawa yoyote na kuliko dawa bandia, na haionekani kutofautiana sana na dekstromethofani. Ila faida yake dhidi ya dawa bandia inaonekana ndani ya siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo waliopewa na wasiopewa wanakaribiana.

Hilo la siku tatu ndilo ningependa kila mzazi alishike. Watu wanasimama kwenye "asali inasaidia" na hawafiki kwenye "kwa muda gani".

---

Mdadisi

Sawa. Na kama inalingana na dekstromethofani, kwa nini nisinunue dawa?

---

Msimamizi wa Dirisha la Dawa

Naomba nijibu mimi, ndiyo kazi yangu.

Asali kuwa sawa na dawa ambayo yenyewe haijathibitika kumsaidia mtoto si sifa ya dawa hiyo. Na asali haina madhara ambayo dawa hizo zinayo. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti zisitumike kwa watoto chini ya miaka 2, na watengenezaji wakaandika wenyewe kwenye lebo zao zisitumike chini ya miaka 4. Zenye kodeini, dawa ya jamii ya afyuni, ni hatari zaidi: wapo watoto ambao mwili wao unaigeuza kuwa mofini haraka kupita kiasi, na pumzi inasinyaa usingizini. Ulaya ilizuia kodeini ya kikohozi kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 2015, Marekani ikafuata 2017.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mchanganyiko. Chupa ya "mafua na kikohozi" ina parasetamoli ndani yake, mzazi hasomi, anampa na parasetamoli ya homa pembeni. Mtoto anameza dozi mbili, ini linaumia. Soma orodha ya viambato, si jina kubwa la mbele.

Na tusisahau 2022. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto wapatao 70 nchini Gambia kufariki kwa figo kushindwa kazi. Dawa za maji za watoto zilizohusishwa zilikutwa na dayethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani zisizotakiwa kabisa kwenye dawa. Sisemi kila chupa iko hivyo. Nasema kwa kikohozi cha mafua, ambacho kinaondoka chenyewe, hakuna sababu ya kumwingiza mtoto kwenye hatari hata ndogo wakati kuna kijiko cha asali.

Antibayotiki pia haziingii hapa. Mafua ni virusi.

---

Ua la Asubuhi

Limau na tangawizi je? Nimezoea kuchanganya na maji ya moto.

---

Mama wa Watatu

Maji yawe ya vuguvugu, si ya moto, hasa kwa mtoto. Kinywaji cha uvuguvugu kinatuliza koo chenyewe. Limau kidogo halina neno kwa aliyevuka mwaka. Tangawizi mimi siwapi wadogo, inawachoma wanakataa vyote. Lakini asali tupu kijikoni, ikashuka polepole, nadhani ndiyo bora kwa sababu inagusa koo ikiwa nzito bado. Ukiiyeyusha kwenye kikombe kizima umeipunguzia ile kazi ya kupaka.

Na msimfukize mtoto mvuke wa sufuria. Wodi za watoto walioungua zinawapokea hao kila mara, na faida yenyewe haijaonekana.

---

Mama Shua

Jamani wa kwangu ana miaka minne na hii asali imenisaidia mno. Nampa kila usiku, sasa ni zaidi ya mwezi. Nikimpa analala, nikiacha anakohoa. Mchana mzima haoni shida, labda akikimbia sana. Nimeona niwape ushuhuda wazazi wenzangu, asali ni dawa kweli.

---

Tabibu wa Zamu

Mama Shua, naomba unijibu. Kikohozi chake ni kikavu au cha makohozi? Kinamwamsha saa ngapi? Kifuani unasikia kama filimbi anapotoa pumzi? Kuna mtu katika familia mwenye pumu, ukurutu wa ngozi au mafua ya mzio? Amewahi kupaliwa na karanga au kitu kidogo kabla ya hiki kikohozi kuanza? Kuna mtu nyumbani aliyekohoa muda mrefu, au aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Uzito wake umepungua?

---

Mama Shua

Kikavu. Kinamwamsha alfajiri hivi, saa tisa au kumi. Filimbi, ndiyo, kuna usiku nasikia, nilidhani ni kamasi. Baba yake alikuwa na pumu utotoni. Hajapaliwa, uzito uko vilevile, hakuna anayekohoa nyumbani. Mbona unanitisha daktari?

---

Tabibu wa Zamu

Sikutishi mama, nataka mtoto aonwe mchana na siyo usiku wa dharura.

Kikohozi cha mafua kina muda wake. Nusu ya watoto wamepona kufikia siku ya 10, na tisa kati ya kumi kufikia siku ya 25. Wengi wanashangaa kwamba ni muda mrefu hivyo, na ndiyo maana wanakimbilia dawa siku ya tano. Lakini kinachovuka wiki tatu, kikawa kikavu, kikamwamsha alfajiri, kikaja na filimbi na kumkamata akikimbia, na baba ana historia hiyo, lazima pumu ifikiriwe. Pumu ya mtoto inaweza kuonekana kama kikohozi cha usiku tu kwa miezi. Inatibika vizuri kwa dawa za kuvuta, na asali haifanyi chochote kwenye mirija iliyobana. Inampunguzia mwasho wa koo kiasi kwamba wewe unalala, na tatizo la kifuani linaendelea.

Mpeleke wiki hii. Mweleze daktari yote uliyoyaandika hapa kama yalivyo, hasa ile saa ya alfajiri na ile filimbi. Ukiweza mrekodi kwa simu usiku. Wakati mwingine mchana kifua kinasikika safi kabisa na mtoto anarudishwa nyumbani bila jibu.

---

Mama Shua

Sawa. Nitampeleka keshokutwa asubuhi. Nimesharekodi usiku wa kuamkia leo.

---

Jirani Mwema

Tabibu, ungetuwekea dalili za hatari mahali pamoja. Wengine tunasoma huu uzi saa nane usiku mtoto yuko mapajani.

---

Tabibu wa Zamu

Ni kweli. Kwa anayesoma usiku huu:

Fungua nguo umwone kifua. Kama anapovuta pumzi sehemu ya chini ya mbavu inaingia ndani badala ya kutoka nje, nenda sasa hivi. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa hajalia: chini ya miezi 2, 60 au zaidi, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Hizo ndizo namba zinazotumika duniani kutafuta nimonia, na mzazi mwenye saa tu anaweza kuzitumia.

Nenda pia kama midomo au ulimi umegeuka bluu au kijivu, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki kirahisi, au anatoa mlio mkali anapovuta pumzi akiwa ametulia. Kikohozi kilichoanza ghafla wakati anakula au anachezea kitu kidogo, hata kama ametulia sasa, kinahitaji kuonwa. Kitu kinaweza kuwa kimekaa kwenye mrija wa hewa. Kifaduro nacho: anakohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, mwishoni anavuta kwa sauti au anatapika. Kwa mchanga hakuna mlio, anaacha tu kupumua kwa muda.

Na mtoto chini ya miezi 3 akipata homa pamoja na kikohozi, msisubiri asubuhi.

---

Ua la Asubuhi

Asante sana. Hii nimeihifadhi.

---

Baba Mchanga

Namba hizi ziandikwe ukutani. Mama amekubali, amesema tutamlambisha akitimiza mwaka. Matone ya chumvi yamesaidia, jana amelala mpaka alfajiri.

---

Mdadisi

La mwisho kwangu. Meno? Asali ni sukari, na unampa muda wa kulala.

---

Mama wa Watatu

Ndiyo, na ndiyo sababu ile nusu saa ina faida nyingine: anapata asali, mnasoma hadithi au mnazungumza, kisha anapiga mswaki ndiyo analala. Koo limeshapata chake. Usiiweke kwenye chupa ya kunyonya akalala nayo mdomoni, na usiipake kwenye chuchu bandia hata kwa aliyevuka mwaka. Kwa usiku mbili tatu zenye mswaki meno hayaharibiki. Ikiwa ya kila usiku mwezi mzima, hapo ni meno na pia ni lile alilolisema Tabibu.

Mwenye mtoto wa kisukari azungumze kwanza na daktari wake, asali inapandisha sukari kama sukari nyingine. Na aliyewahi kuvimba au kuwashwa baada ya kula asali asirudie.

Nitaongeza kwenye andiko la kwanza zile namba za pumzi na lile la wiki tatu, kwa wanaosoma ukurasa wa mwanzo tu. Mama Shua, ukirudi kutoka kwa daktari tuambie, na kama hataki kukusikiliza kuhusu usiku, mwonyeshe ile rekodi kabla hujakaa.